Shaha Likiwa Hai: Utunzaji wa Mitende Iliyochomwa na Jalidi katika Bustani za Jangwani

Utangulizi

Mwanafunzi aliyezaliwa Kilifi anaujua mnazi tangu utotoni, ila jalidi ameisikia darasani tu. Mwenzake wa Kericho, Limuru au Kinangop anaijua jalidi vyema, kwani ndiyo inayobabua majani chai na viazi alfajiri za Januari. Mnazi kwake ni mti wa safari ya Mombasa. Hapa kwetu mti wa jamii ya mitende na jalidi ni nadra kukutana. Hata hivyo, kuna mahali ambapo hukutana takriban kila majira ya baridi, nako ni katika bustani za majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani: jangwa la Sonora ilikojengwa miji ya Phoenix na Tucson, jangwa la Mojave lenye mji wa Las Vegas, na jangwa la Chihuahua uliko mji wa El Paso. Makala hii inanuia kueleza yanayoupata mti huo usiku wa jalidi, na namna ya kuutunza asubuhi, wiki na miezi inayofuata.

Yamkini msomaji atauliza: bustani za Marekani zinawahusu nini wapenzi wa Kiswahili katika chuo cha Kenya? Tuna majibu mawili. Kwanza, Kiswahili tayari kimefika huko. Phoenix na Tucson zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na miongoni mwao wamo wanaokitumia Kiswahili nyumbani na kanisani. Mtu huyo akipanga au kununua nyumba yenye mtende uani, atahitaji maelezo kwa lugha anayoielewa. Pili, kuna kauli ambayo imezoeleka hata katika kumbi zetu za mihadhara, kwamba Kiswahili kinatosha kwa fasihi na siasa lakini kikiingizwa katika maabara au shamba la ugenini hukosa maneno. Somo hili ni mtihani mzuri wa kauli hiyo. Jalidi ya jangwani ni kitu kigeni kwetu, lakini mti wenyewe si mgeni hata kidogo, na mwambao wetu umeutazama kwa karne nyingi kwa jicho la mkwezi, mgema, msusi na mwezekaji.

Tunachodai ni kimoja: tiba nzima ya mtende uliochomwa na baridi hutokana na jambo ambalo kila mkwezi analijua, kuwa mti huu una moyo mmoja tu.

Msamiati kabla ya tiba

Tuanze na baridi yenyewe. Kiswahili kina theluji, ambayo ni ile inayoanguka kutoka mawinguni. Kina barafu, ambayo ni maji yaliyoganda kwa wingi, yawe ya ziwani au ya jokofuni. Na kina jalidi na sakitu kwa umande unaoganda juu ya majani na udongo usiku wa baridi kali. Katika mazungumzo, wengi hutumia barafu kwa yote. Katika somo kama hili mchanganyo huo una hasara, kwa kuwa theluji nyepesi inaweza kuukalia mtende mchana na kuyeyuka bila madhara makubwa, ilhali jalidi ya usiku mmoja usio na wingu inaweza kuunguza kila kuti. Humu tutatumia jalidi. Kitenzi kisitutatize: wakulima wetu husema baridi imechoma chai, nao wakulima wa jangwani husema vivyo hivyo kwa lugha yao, maana jani lililoganda hugeuka rangi ya kahawia kavu mfano wa lililopitiwa na moto.

Kuhusu mti, lugha yetu ina majina mengi ya aina mojamoja, na jina moja la kuzijumuisha zote halijazoeleka. Tuna mnazi, mtende, mchikichi, mvumo, mkoma, mkindu na mpopoo. Wataalamu wa mimea huiweka yote katika jamii moja, nasi tutaiita jamii ya mitende, kwa kuwa mtende ndio ulio na uhusiano wa kale zaidi na jangwa. Tuongeze kwa mabano ya fikra kwamba jina la kisayansi la jenasi ya mtende ni Phoenix, na kwamba mji wa Phoenix haukupewa jina la mti bali la yule ndege wa ngano za kale anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Kwa mwenye bustani anayetazama mti uliokauka kileleni na kusubiri ufufuke, sadfa hiyo si mbaya.

Katika sehemu za mti ndipo Kiswahili kinapotajirika. Jani zima ni kuti. Mfupa wake wa kati ni upongoo, na ule uti mwembamba wa kila kijani, unaofungwa kuwa ufagio, ni chelewa. Utando wa nyuzinyuzi mfano wa gunia unaoyafumbata makuti machanga huitwa kilifu. Ganda linalofunika ua kabla ya kufunuka ni karara. Na ndani kabisa, juu ya shina, mahali ambapo makuti yote huzaliwa, kuna nyama nyeupe, laini na tamu ambayo watu wa Pwani huila mnazi unapoangushwa. Hiyo ni shaha, au moyo wa mnazi. Neno hilohilo tunalisikia tukimtaja mshairi mkuu, shaha wa malenga. Hatudai kuwa maneno hayo mawili ni ya asili moja, ila yatamsaidia mwanafunzi kukumbuka ni kiungo gani kinachotawala mti. Kuti changa kuliko yote, ambalo bado limejikunja na kusimama wima katikati ya kilele kama mkuki, hapa tutaliita kuti-mshale. Tutalirejea mara nyingi, kwani ndilo mjumbe pekee anayetoka kwa shaha kutupasha habari.

Usiku wa jangwani

Anayelifikiria jangwa kama tanuri hushangaa kusikia kuwa huganda. Sababu yake ni hewa kavu na anga tupu. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku hulirudisha angani. Kule kwenye unyevu na mawingu, kama Mombasa, joto hilo huzuiwa na kurejeshwa chini. Jangwani hakuna blanketi hilo, na saa chache kabla ya mapambazuko kipimajoto huonyesha tofauti kubwa mno na ya alasiri. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo huteremka na kujikusanya mabondeni na pembeni mwa kuta kama maji. Ndiyo sababu mitende miwili ya aina moja katika mtaa mmoja inaweza kuwa na majaliwa tofauti: ulio karibu na ukuta wa matofali unaoelekea kusini hupata joto ambalo ukuta uliliweka akiba mchana, na ulio kwenye kibonde hatua hamsini upande wa pili huungua.

Aina nyingine ya baridi huja na upepo. Hapo hewa yenyewe husafiri kutoka kaskazini ikiwa imeshapoa, na ukuta hausaidii sana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa Februari 2011, wakati Tucson iliposhuka hadi kiasi cha nyuzi 8 za Selsiasi chini ya sifuri, na El Paso ikashuka hadi kiasi cha nyuzi 17 chini ya sifuri. Mitende ya mapambo iliyopandwa kwa miongo mingi kando ya barabara za El Paso iligeuka hudhurungi kwa pamoja. Swali lililowakabili wenye bustani na wasimamizi wa jiji ndilo swali la makala hii: upi umekufa, upi unaonekana tu kama maiti?

Kwa nini mtende si kama mwembe

Mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine. Una macho mengi ya kuchipua, na chini ya gome lake kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika, ambalo hunenepesha shina mwaka baada ya mwaka na kufunika majeraha. Wataalamu huliita tabaka hilo kambiamu. Mtende hauna. Kinasaba uko karibu zaidi na mahindi na nyasi kuliko mwembe, na shina lake ni mafungu ya mirija yaliyotawanyika ndani ya nyama ya mti. Jeraha linalowekwa kwenye shina hilo leo litakuwapo siku mti unapoanguka. Na kwa aina nyingi za shina moja, ukuaji wote wa juu hutoka sehemu moja, yaani shaha. Likifa, hakuna naibu.

Mkwezi wa Malindi hahitaji hotuba hii. Anamjua chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Anajua kwamba makuti kumi yaliyoliwa si msiba, ila tundu moja lililofika moyoni ndilo linalouacha mnazi ukiwa kigogo kitupu. Mgema naye hukata karara kila siku na mti ukaendelea kuishi, kwa kuwa kisu chake hakivuki mpaka. Mtu mwenye maarifa hayo akipelekwa Arizona baada ya usiku wa jalidi, atapuuza makuti yaliyokauka na kuuliza habari za katikati.

Kuna aina zilizo na unafuu. Mkoma, ambao tunauona ukigawanyika panda kando ya mito ya Turkana, una vilele zaidi ya kimoja. Mtende wa tende huzaa machipukizi chini ya shina ungali mchanga, na machipukizi hayo ni uhai wa akiba. Historia ya tende huko Marekani ilipitia katika machipukizi hayohayo: mwaka 1927 mtaalamu Walter Swingle alichukua machipukizi 11 ya tende aina ya Medjool kutoka Bou Denib, Moroko, wakati ugonjwa wa ukungu ulipokuwa ukiangamiza mitende ya huko. Yaliwekwa karantini kusini mwa Nevada kwa miaka kadhaa, 9 yakanusurika, na kutokana nayo yakatokea mashamba ya California.

Si kila aina huumizwa na baridi ileile. Mnazi wetu huanza kuumia hata kabla ya maji kuganda, na ndiyo sababu haupandwi Phoenix isipokuwa na mwenye kiburi. Mtende kibeti, Phoenix roebelenii, ambao hupendwa sana kandokando ya mabwawa ya kuogelea, huunguzwa makuti kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Mtende malkia, Syagrus romanzoffiana, ambao zamani uliainishwa pamoja na mnazi, huumia kwenye nyuzi 4 hivi chini ya sifuri. Mtende wa tende na ule wa Visiwa vya Kanari huvumilia hadi 6 au 7 chini ya sifuri kabla makuti hayajaungua, na Washingtonia robusta, ule mrefu mwembamba wenye asili ya Meksiko, hukaribiana nayo. Ndugu yake mnene, Washingtonia filifera, hustahimili zaidi, takriban 9 chini ya sifuri. Hivi ni viwango vya kukadiria. Saa mbili za baridi si sawa na saa kumi, na mti mkubwa wenye afya si sawa na mche wa mwaka jana.

Huyo filifera anastahili aya yake. Ndiye mwenyeji halisi. Huota kwa hiari yake katika chemchemi za jangwa la California na katika makorongo machache ya Arizona. Watu wa kabila la Cahuilla, ambao makorongo yenye mitende karibu na Palm Springs ni ardhi yao, walikula matunda yake na kuezeka nyumba zao kwa makuti yake, jambo ambalo mwezekaji wa Lamu atalielewa bila mkalimani. Tazama sasa mti huo porini: makuti yake yakifa hayaanguki. Hulala chini kulizunguka shina, tabaka juu ya tabaka, hadi mti ukaonekana umevaa kanzu. Kanzu hiyo hulikinga shina dhidi ya jua na baridi. Mjini watu huikata kwa kuwa inaonekana chafu, inahifadhi panya na inaweza kushika moto. Hoja zao hazikosi uzito, lakini mti unaonyolewa mwezi wa Novemba huingia kwenye baridi ukiwa uchi.

Tiba: wiki za mwanzo

Siku mbili tatu baada ya jalidi makuti huonekana kama yaliyochemshwa, yana rangi ya kijani kilichoiva na unyevunyevu. Kisha hukauka na kugeuka rangi ya majani makavu. Hapo ndipo mikono huwasha. Mitaa mingi ya miji hiyo ina vyama vya wenye nyumba vyenye kanuni kuhusu sura ya bustani, na haichukui muda kabla ya mtu mwenye msumeno kubisha hodi akijitolea kukata kila kilichokauka kwa malipo. Jibu sahihi la mwenye nyumba ni kukataa.

Sababu ni mbili. Kuti lililokufa bado ni blanketi la shaha, na jalidi ya pili inaweza kuja wiki mbili baadaye. Aidha, kuti lililoungua ncha tu, likabaki na kijani karibu na upongoo, bado linafanya usanisinuru. Ni jiko pekee lililosalia katika nyumba iliyoungua. Kulikata ni kumnyima mgonjwa uji. Kwa hiyo makuti huachwa hadi hatari ya jalidi ipite, ambayo katika maeneo ya chini ya Arizona ni kiasi cha katikati ya Machi, na mahali palipoinuka zaidi ni baadaye kidogo.

Kungoja huko si kukaa bure. Kazi ya kwanza ni kumhoji yule mjumbe. Kwa ngazi iliyo imara, mtunzaji hukishika kuti-mshale kwa mkono na kulivuta taratibu. Likiwa gumu na limeshika, hiyo ni habari njema, japo si hukumu ya mwisho. Likichomoka mkononi, na chini yake liwe limeoza na kunuka, basi nyama laini ya kilele imeganda, ikafa, na vijidudu vimeshaanza karamu. Jalidi kwa kawaida huacha kazi nusu. Kinachoimaliza ni bakteria na ukungu wanaoingia katika tishu zilizokufa, wakashuka kuelekea shaha lililokuwa bado zima. Hapa haraka ina nafasi yake.

Kuti-mshale likishachomoka, sehemu zote zilizooza huondolewa kwa kisu safi mpaka panapoonekana nyama thabiti, na maji yaliyotuama kileleni huachiwa njia ya kutoka. Kisha kilele humwagiwa dawa ya ukungu yenye shaba, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chake, na hurudiwa mara moja baada ya siku kumi hivi. Hatusemi irudiwe kila wiki mpaka Juni. Shaba ikizidi huwa sumu kwa mti wenyewe, na wapo wanaoua kwa dawa mtende ulionusurika baridi. Mtunzaji avae glavu na kinga ya macho, kwani dawa inayomwagwa juu ya kichwa hushuka.

Mti ambao kuti-mshale lake halikuchomoka hupewa kipimo kingine, rahisi na cha uhakika zaidi. Uzi wa rangi hufungwa au alama ya rangi hupakwa kwenye kuti-mshale, usawa mmoja na upongoo wa kuti la jirani ambalo halikui tena. Baada ya wiki kadhaa za joto, alama mbili hizo hutazamwa. Ya mshale ikiwa imepanda juu ya mwenzake, shaha linafanya kazi. Vipimo vya maabara havina faida zaidi ya uzi huo.

Maji na chakula

Kosa la huruma ni kumwagilia mno. Mtende uliopoteza makuti yake umepoteza midomo iliyokuwa ikitoa mvuke, kwa hiyo mahitaji yake ya maji yamepungua. Udongo wa baridi unaotota huozesha mizizi. Utaratibu mzuri ni maji mengi ya kuzama chini kwa vipindi vilivyoachana, na udongo wa juu uachwe ukauke kati ya kipindi na kipindi. Tofauti ni siku moja tu: kabla ya usiku unaotabiriwa jalidi, udongo uloweshwe mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu hupokea na kutunza joto la jua kuliko mkavu, na hulitoa polepole usiku. Usiku huohuo kilele cha mti mdogo hufunikwa kwa shuka au gunia, si plastiki inayogusa makuti, nacho hufunuliwa jua linapopanda.

Mbolea haina kazi wakati wa baridi. Mizizi ya mtende hulala udongo ukiwa baridi, na chakula kinachowekwa mbele ya aliyelala huharibika. Joto likirudi, mti hupewa kidogokidogo mbolea itolewayo polepole, yenye potasi na magnesi ya kutosha pamoja na manganisi na chuma. Udongo wa majangwa hayo una chokaa nyingi, mara nyingine tabaka zima gumu kama saruji mita chache au hata sentimita chache chini ya uso, na chokaa hiyo hufunga chuma na manganisi hivi kwamba yapo udongoni lakini mzizi hauyapati. Ndiyo sababu baadhi ya watunzaji hunyunyizia madini hayo juu ya makuti mapya badala ya kutegemea ardhi peke yake.

Kukata

Machi ikishapita, makuti yaliyokufa kabisa huondolewa. Yenye kijani, hata kiwe cha robo tu, hubaki hadi yale mapya yafunguke. Hukatwa karibu na shina bila kung'oa tako la kuti kwa nguvu, kwa maana kung'oa huchana shina, nasi tumekwisha kusema kuwa shina halijui kupona. Kwa sababu hiyohiyo ni mwiko kuupanda mtende ulio hai kwa viatu vyenye miiba ya chuma. Mkwezi wetu hupanda kwa kamba na ngata, au kwa vidato vilivyochongwa kwenye mnazi. Hivyo vidato pia ni majeraha ya kudumu, ila mnazi wa Pwani hauongezewi mzigo wa jalidi.

Msumeno husafishwa kwa dawa ya klorini kati ya mti na mti. Mtende wa Visiwa vya Kanari una ugonjwa wake wa kunyauka, unaoletwa na ukungu wa jenasi ya Fusarium, ambao husafiri kwa misumeno kutoka ua hadi ua, na hauna tiba. Baada ya jalidi, wakati kila mti mtaani unakatwa kwa juma moja na vijana walewale, ndipo ugonjwa huo hupata usafiri wa bure.

Majira ya kiangazi na baada yake

Makuti ya kwanza kutoka mara nyingi huwa na sura ya kutisha: mafupi, yamejikunja, ncha zake kahawia, vijani vimekatika katikati kana kwamba vimetafunwa. Hayo yalikuwa tayari yameumbwa ndani ya kilele usiku ule, ila hayakuwa yametoka. Yanabeba kovu la baridi lililoyapata tumboni. Yasikatwe. Yanayofuata huwa bora, na mti unaopona hurudia sura yake kwa msimu mmoja au miwili. Wapo wanaokaa kimya Aprili, Mei na Juni nzima, kisha katika joto la Julai kuti moja linachomoza. Kwa hiyo hukumu ya kifo haitolewi kabla ya kiangazi kwisha.

Shina linahitaji kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Baridi kali ikigandisha mirija ya shina, athari huenda isionekane mwaka huo. Shina linaweza kupasuka wima, kutoa majimaji au kuacha sehemu nyembamba, mithili ya kiuno cha nyigu, mahali ambapo ukuaji uliyumba. Mtu mwenye jicho zuri husoma katika viuno hivyo miaka mibaya ya mti. Mirija iliyokufa haizaliwi upya, na mti unaweza kupona kileleni kisha ukashindwa kupitisha maji ya kutosha wakati wa joto kali. Ulio karibu na nyumba au njia ya watu ukaguliwe kila mwaka, hususan kabla ya dhoruba za mvua za kiangazi, zinazopiga Arizona kati ya Julai na Septemba. Shina la mtende wa Kanari lina uzito wa tani kadhaa.

Ikiwa Septemba imefika, kuti-mshale limetoka zamani, uzi haujasogea na kilele kimelegea kwa kuguswa, mti umekufa na huondolewa. Kwa mtende wa tende, chini ya shina hutazamwa kwanza: chipukizi likiwa kijani, huachiwa nafasi ya mama yake. Anayepanda upya achague kulingana na usiku wa baridi kuliko yote anaoukumbuka mtaa wake, asitumie wastani wa mwaka. Katika kibonde afadhali filifera kuliko malkia. Wala asipande majira ya baridi kama anavyofanyiwa mti wa kawaida wa jangwani. Mtende hupandwa kuanzia mwisho wa Aprili hadi Agosti, jua likiwa kali na udongo umepata moto, ili mizizi yake iwe imeshika kabla ya Desemba yake ya kwanza.